Nilisoma Mbele ya Chupa kwa Miaka Miwili

Asubuhi moja nilinawa uso kwa maji matupu, na maji yakaniwasha. Si sabuni, si krimu, ni maji. Nilisimama mbele ya kioo na taulo mkononi, mashavu yameiva, ngozi ya pembeni mwa pua inameta kama nailoni na papo hapo inabanduka. Kwenye rafu chini ya kioo zilikuwepo chupa saba. Zote nilizichagua mwenyewe, kwa makini, baada ya usiku mwingi wa kulinganisha hii na ile. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mashavu. Sikuwa mzembe hata kidogo. Nilisoma sana, ila nilisoma upande usio wenyewe.

Mambo yalianza padogo. Nilipofika miaka 28, chunusi ambazo nilidhani tuliagana shuleni zilirudi, safari hii kwenye taya. Kila moja ikipona inaacha doa jeusi la kukaa miezi. Chunusi zenyewe sikuzijali. Madoa ndiyo yaliyoninyima raha. Rafiki yangu mmoja ana ngozi laini ya kutamanisha, nikamuuliza siri yake. Akaniambia, "Shoga, tafuta seramu ya niasinamaidi, usiulize maswali." Sikuuliza hata hiyo niasinamaidi ni nini (ni aina ya vitamini B3).

Dukani nikakuta mbili. Moja imeandikwa asilimia 5, nyingine asilimia 10. Nikachukua ya 10, maana kumi ni zaidi ya tano, nani asiyejua hesabu hiyo? Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba tafiti zilizoipa niasinamaidi jina, kwa kupunguza madoa na kuimarisha ngozi, nyingi zilitumia kiwango cha asilimia 2 hadi 5. Ile kumi yangu haikunizidishia faida. Ilinipa mwasho wa dakika chache kila nikipaka, nami mwasho huo nikautafsiri kwamba dawa inaingia. Kama kuna kosa moja ningeweza kulirudisha nyuma, ni hilo la kuona kuwashwa ni dalili njema.

Kutoka hapo ikawa ngazi. Niliongeza seramu ya vitamini C kwa ajili ya madoa. Nikaongeza maji ya kufutia uso yenye asidi ya glikoliki, kwa sababu niliambiwa yanaondoa seli zilizokufa. Nikaongeza retinoli ya usiku, ambayo ni aina ya vitamini A. Nikaongeza seramu ya asidi ya hayaluroniki kwa sababu ngozi ilianza kukauka (sikujiuliza kwa nini imeanza kukauka). Sabuni ya uso nikabadilisha, nikachukua ya chunusi. Krimu nayo nikabadilisha, nikachukua ya "kung'arisha". Kila nilichonunua nilikilinganisha na kingine cha aina yake: seramu kwa seramu, krimu kwa krimu, namba kwa namba. Sikuwahi hata siku moja kukilinganisha na vile vilivyokuwa tayari rafuni.

Nilipokuja kujumlisha risiti, jumla ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwezi mzima. Nilikuwa nimenunua kidogo kidogo, kwa hiyo sikuuona mzigo ukikua.

Daktari wa ngozi niliyemwendea aliniagiza nije na kila kitu ninachogusisha usoni, hata kile nilichokwisha kukiacha. Nilifika na mfuko. Alizitoa chupa moja moja, akazipanga mezani, kisha akazigeuza zote, majina yakaelekea kwangu na migongo ikaelekea kwake. Jina hakusoma hata moja. Akachukua kalamu ya rangi na karatasi, akaanza kuandika.

"Binti yangu, unapaka niasinamaidi mara nne kila siku. Unajua?"

"Hapana daktari, ninayo moja tu."

"Unayo moja iliyoandikwa mbele."

Ilikuwemo kwenye seramu, kwenye krimu ya kung'arisha, kwenye ile ya hayaluroniki, na kwenye krimu ya kukinga jua. Asidi nazo zilikuwa tatu: glikoliki niliyoijua, salisiliki kwenye sabuni ya chunusi, na laktiki iliyojificha katikati ya orodha ya krimu. Juu ya hayo yote retinoli. Na asubuhi vitamini C, ambayo ikiwa katika umbo lake halisi ni asidi askobiki, nayo huhitaji kuwa chachu sana, pH (kipimo cha uchachu) chini ya 3.5, ndipo iweze kupenya. Kwa hiyo uso wangu ulikuwa ukipata asidi kutoka pande nne na mimi nikihesabu moja.

Alinieleza kwa mfano wa ukuta, mfano ambao sijausahau. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa zilizopangwa kama matofali, na kati yake kuna mafuta yanayozishika kama udongo wa kujengea. Karibu nusu ya mafuta hayo ni seramidi. Yaliyobaki ni kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta huo ndio unaozuia maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie. Mimi nilikuwa nimeukwangua udongo wote. Ndiyo maana hata maji yaliniwasha, na ndiyo maana kila seramu mpya ya "kutibu ukavu" ilizidisha moto: ilikuwa inapita katikati ya matofali yaliyolegea.

Dawa yake ilikuwa ya kuvunja moyo. Wiki sita, vitu vitatu tu: sabuni ya uso isiyo na harufu wala povu jingi, krimu nzito ya kawaida yenye petrolatamu (mafuta ya mgando) na gliserini, na krimu ya kukinga jua mchana. Hakuna seramu. Nilitoka pale nikihisi nimelipia ushauri wa bibi yangu.

Nikiri jambo. Wiki ya pili niliibia. Mwasho ulikuwa umepungua, madoa yapo palepale yananitazama, nikasema nipake vitamini C kidogo tu, usiku, nani ataniona. Asubuhi mashavu yakaiva upya na hesabu ya wiki sita ikaanza mwanzo. Ukiwa katika hali hiyo, chupa zisizotumika zitoe machoni kabisa. Mimi zangu nilimpa dada yangu anifichie, kama mtu anayeacha sigara.

Wiki hizo za kukaa bila kupaka ndizo nilizozitumia kujifunza kusoma migongo ya chupa. Nilinunua daftari, nikagawa kurasa kwa safu, kila chupa safu yake, na nikanakili orodha nzima ya viambato. Kazi ya kuchosha. Ila ilipofika chupa ya nne macho yakaanza kuona mambo.

La kwanza ni kwamba orodha ina mpangilio. Kiambato chenye uzito mkubwa zaidi hutangulia, na vingine hufuata kwa kupungua. Ndiyo maana karibu kila chupa inaanza na "Aqua", yaani maji. Lakini mpangilio huo unashikilia mpaka kwenye asilimia 1 tu. Vilivyo chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo, na bila shaka ataanza na vile vyenye majina matamu. Mstari wa asilimia 1 hauandikwi popote. Kuna mbinu ya kuukadiria: tafuta kihifadhi kinachoitwa "Phenoxyethanol". Sheria za Umoja wa Ulaya hazikiruhusu kizidi asilimia 1, na bidhaa nyingi hukitumia. Ukikiona, ujue karibu kila kilichoandikwa baada yake nacho hakizidi asilimia 1.

Nililinganisha krimu mbili kwa mtindo huo. Moja ilikuwa ile yangu ya kung'arisha, ya gharama, kwenye kopo zito la kioo. Nyingine ni ile ya wastani aliyoniandikia daktari. Mstari wa kwanza wa orodha zote mbili ulikuwa karibu sawa: maji, gliserini, mafuta mepesi, alkoholi ya mafuta, kitu cha kuunganisha maji na mafuta. Yale majina yaliyopamba kopo la gharama, dondoo za maua matatu na "mchanganyiko wa peptidi", yote yalikuja baada ya fenoksiethanoli na kabla ya manukato. Manukato, "Parfum", huenda yalikuwa mengi kuliko lile ua la picha au sawa nalo. Nilicheka peke yangu sebuleni. Kisha sikucheka, nilikumbuka risiti.

Kwa bahati mbaya kanuni mpya ina ulevi wake. Wiki kadhaa nilikuwa naitumia kama panga: kilicho chini ya mstari ni danganya toto. Niliitupilia mbali krimu moja ya seramidi kwa sababu seramidi zimeandikwa mwishoni, na retinoli kwa sababu hiyo hiyo. Hapo nilikosea tena, kwa upande wa pili. Viambato vingine hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana. Retinoli ni mfano mzuri: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliwekea bidhaa za uso kikomo cha asilimia 0.3. Retinoli yoyote inayofuata kikomo hicho lazima iwe chini ya mstari wa asilimia 1, na bado ina nguvu ya kukubandua uso. Kwa hiyo mstari ule unakuambia kiasi, haukuambii uwezo. Gliserini ikiwa chini ya asilimia 1 haina msaada mkubwa. Retinoli ikiwa hapo yatosha na kubaki.

Jambo la alkoholi nalo lilinifedhehesha. Nilikuwa nimesikia alkoholi inakausha ngozi, basi kila nilipoona neno hilo narudisha chupa mahali pake. Nilikataa krimu nzuri zisizo na idadi. Kumbe "Alcohol Denat." ndiyo ile nyepesi inayokauka haraka, ikiwa juu ya orodha inaweza kukausha kweli. Lakini "Cetyl Alcohol", "Cetearyl Alcohol" na "Stearyl Alcohol" ni kama nta laini. Kazi yake ni kuipa krimu unene na kulainisha ngozi. Jina la ukoo ni moja, tabia mbalimbali. Krimu ya daktari, ile iliyoniponya, ilikuwa na setearili alkoholi nafasi ya nne.

Pia nilipoteza muda kwenye zile orodha za viambato "vinavyoziba vinyweleo", kila kimoja na alama yake kutoka 0 hadi 5. Alama nyingi za mwanzo zilitokana na majaribio ya kupaka kiambato kimoja kimoja kwenye masikio ya sungura. Sikio la sungura si uso wa mtu, na kiambato kikiwa peke yake si sawa na kikiwa kimechanganywa kwa asilimia 2 ndani ya krimu. Nilifuta safu hiyo kwenye daftari.

Kitu ambacho daftari lilinifungulia kweli ni kuelewa kazi ya krimu. Krimu ya kulainisha hufanya kazi tatu, na kila kazi ina viambato vyake. Kuna vinavyovuta maji na kuyashika, kama gliserini, yurea na asidi ya hayaluroniki. Kuna vinavyojaza nyufa na kufanya ngozi iteleze, kama skwaleni, alkoholi za mafuta na mafuta ya mimea. Na kuna vinavyofunika juu ili maji yasitoroke: petrolatamu, nta, daimethikoni. Ukizitazama krimu mbili kwa macho hayo, unaacha kuuliza ipi bora, unauliza ngozi yangu inakosa lipi kati ya haya matatu.

Seramu ile ya hayaluroniki ilikuwa na la kwanza tu. Nilikuwa naipaka kwenye uso mkavu, sipaki kitu juu yake, halafu nashangaa uso unabana baada ya saa moja. Kiambato cha kuvuta maji kinahitaji maji ya kuvuta na kifuniko cha kuyatunza. Siku hizi naipaka uso ukiwa bado na unyevu, na krimu juu yake papo hapo. Na nikwambie ukweli mwingine: gliserini, ambayo ni ya bei ya kutupa na hakuna anayeiandika mbele ya chupa kwa herufi za dhahabu, inafanya kazi hiyo hiyo vizuri sana. Krimu yenye gliserini nafasi ya pili au ya tatu ilinitosha, nikaachana na seramu hiyo ilipokwisha.

Baada ya wiki sita (kwa kweli nane, kutokana na wizi wangu) ngozi ikatulia. Daktari aliniruhusu kurudisha kitu kimoja, nikae nacho wiki nne kabla ya kingine. Nilichagua asidi ya azelaiki ya asilimia 10, kwa sababu inashughulikia chunusi na madoa kwa pamoja. Zile za asilimia 15 na 20 mara nyingi huandikwa na daktari. Iliniwasha kidogo siku za mwanzo, nikaipaka siku moja na kuiruka moja, mwasho ukaisha. Madoa yalianza kufifia mwezi wa tatu. Si wiki ya pili kama chupa zinavyoahidi.

Vitamini C sikuirudia kwa muda mrefu, na sababu yake ni ya aibu ndogo. Nilipoirudisha chupa kutoka kwa dada, majimaji yaliyokuwa karibu meupe yalikuwa ya rangi ya chai iliyokolea. Asidi askobiki huharibika kwa hewa na mwanga. Ikishageuka kahawia, nguvu imekwenda. Chupa yenyewe ilikuwa ya kioo cheupe chenye kitonesho, hewa inaingia kila unapofungua. Ningekuwa nimetazama ufungaji badala ya asilimia 20 iliyoandikwa mbele, nisingeinunua. Kupita asilimia 20, ziada haiongezi kitu zaidi ya mwasho. Kwa mwenye ngozi kama yangu kuna aina nyingine zilizo tulivu, kwa mfano "Ascorbyl Glucoside" au "Magnesium Ascorbyl Phosphate". Ni za upole na hazigeuki rangi upesi, ingawa ushahidi wake si mzito kama wa asidi askobiki. Angalia pia kile kijipicha cha kopo lililofunguka chenye 6M au 12M ndani yake: ni miezi bidhaa inayopaswa kutumika tangu ulipoifungua. Andika tarehe kwa kalamu chini ya chupa, utasahau.

Hapo ningemaliza, lau si krimu ya "bila parabeni", yaani isiyo na vihifadhi vya jina hilo.

Nilikuwa nimekwisha kupona, daftari limejaa, najiona mtaalamu. Nikanunua krimu moja iliyojisifu haina parabeni. Siku tatu, nne, hakuna kitu. Siku ya sita kope za macho zikavimba na kuwasha, kisha shingo. Nikasema ni asidi ya azelaiki, nikaiacha. Haikusaidia. Nikarudi kwa daktari na daftari langu kwapani.

Safari hii hakuzungumzia ukuta. Alisema kuna tofauti ya mwasho na mzio. Mwasho huja haraka na unategemea kiasi. Mzio ni kinga ya mwili iliyokikariri kitu, ukikigusa tena hata kidogo inakuja juu, mara nyingi baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana kumlaumu aliyepakwa jana si haki wakati wote. Alinibandika vibandiko vidogo mgongoni, kila kimoja na kitu chake, nikakaa navyo saa 48 bila kulowesha mgongo. Akavitoa, akasoma, nikarudi baada ya siku mbili akasoma tena. Kimoja kilikuwa chekundu na malengelenge: "Methylisothiazolinone".

Ni kihifadhi. Wakati watu walipozikimbia parabeni, watengenezaji wengi walikimbilia hicho, na mzio ukaongezeka kiasi kwamba chama cha madaktari wa mizio ya ngozi cha Marekani, American Contact Dermatitis Society, kilikitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2013. Umoja wa Ulaya ulikiondoa kwenye bidhaa zinazobaki mwilini mwaka 2017. Na chama hicho hicho, mwaka 2019, kilizitaja parabeni kuwa kitu cha mwaka kisichosababisha mzio, kwa jinsi zinavyousababisha kwa nadra. Mimi niliyekimbia parabeni nilikuwa nimekimbilia kwenye moto. Krimu yoyote yenye maji lazima iwe na kihifadhi, la sivyo itaota ukungu. Swali ni kipi ngozi yako inakivumilia. Daktari alinitahadharisha pia nisome shampuu, vitambaa vyenye unyevu vya kufutia, na sabuni ya kuoshea vyombo. Kilikuwemo kwenye shampuu. Ndiyo maana hata shingo iliwasha.

Tangu hapo kila kipya nakijaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, wiki nzima, mahali palepale. Zamani nilikuwa napaka mara moja nyuma ya sikio, nasubiri dakika kumi, najipongeza. Dakika kumi hazimwoni mzio.

Na maneno ya mbele ya chupa yanayotuliza moyo, mimi nimeyaachia wenyewe. "Haileti mzio" haina kipimo cha kisheria huko Marekani. Kila kampuni inaamua maana yake. "Haina harufu" inaweza kuwa na manukato ya kuficha harufu nyingine. Unachotafuta ni bidhaa ambayo haikuongezwa manukato, na utahakikisha nyuma kwa kukosa "Parfum", "Limonene", "Linalool" na jamaa zake. "Asilia" ndiyo sielewi kabisa. Upupu nao ni wa asili.

Kuna mahali kusoma kunafika mwisho. Shangazi yangu, kwa mapenzi yake, aliniletea kijikopo. "Mwanangu, paka hii siku tatu tu, hayo madoa utayatafuta." Nilikigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Hakuna orodha, hakuna anwani, hakuna tarehe. Krimu inayong'arisha ndani ya siku tatu huwa na mambo yasiyotakiwa kuandikwa: zebaki, haidrokwinoni kwa kiwango kikubwa, au steroidi kali kama klobetasoli. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo, na inaweza kuwafikia hata watoto wanaoguswa na mikono iliyopaka. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki unazipiga marufuku krimu hizo. Steroidi hukupa uso mzuri wa mwezi mmoja, kisha ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha kuipaka, chunusi zinarudi na wenzake. Haidrokwinoni ikitumika ovyo kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. Orodha hukuambia tu kile mtengenezaji alichokubali kukiri. Isipokuwepo kabisa, hapo tayari umesoma.

Kumwambia shangazi kulikuwa kazi kuliko vibandiko vya mgongoni. Nilimshukuru, nikamwambia, "Shikamoo shangazi, daktari amenikataza chochote kisicho na maandishi." Nilimtwisha daktari mzigo huo. Alinuna siku mbili, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani ile anayopaka yeye ni hiyo hiyo. Tukaenda wote.

Rafu yangu leo ina vitu vinne. Sabuni ya upole. Azelaiki jioni. Krimu yenye gliserini nafasi ya pili, seramidi tatu chini ya mstari, na petrolatamu. Krimu ya kukinga jua yenye rangi kidogo, ambayo nyuma yake zipo namba CI 77491, 77492 na 77499. Hizo ni oksidi za chuma, na kwa mwenye madoa zina faida kwa sababu huzuia hata ule mwanga unaoonekana, ambao krimu nyeupe nyingi huuachia upite. Bila hiyo ya mwisho madoa hayafifii, paka utakachopaka juu yake. Niliipuuza mwaka mzima nikinunua seramu za kuyafuta. Retinoli nitairudia siku moja, mara mbili kwa wiki. Nikipata ujauzito sitaigusa. Madoa mawili bado yapo kwenye taya la kushoto. Ukinikaribia sana utayaona.

Wiki iliyopita binamu yangu alinitumia picha ya seramu saa nne usiku. Herufi kubwa za fedha, namba 15 katikati, na chini yake swali: "Dada, hii ni nzuri kuliko yako?"

Nikamjibu, "Igeuze."

Akatuma picha ya pili. Ilikuwa na ukungu, maandishi yamechanganyikana, kidole chake kimefunika nusu ya orodha.

"Sogeza kidole," nikamwandikia. "Halafu nipigie picha na vile vingine vyote ulivyonavyo."

Kimya kirefu. Kisha picha zikaanza kuingia, moja, mbili, tano, nane.